Kumlea binti aliyerudi shuleni baada ya kujifungua

Swali

"Mimi ni fundi cherehani wa miaka 43, naishi Muheza. Mwalimu wa malezi wa shule ya sekondari ya kata yetu ameniomba niwe mlezi wa binti wa miaka 17 aliyerudi kidato cha tatu baada ya kujifungua. Mtoto wake ana miezi minane. Amekuja kwangu Jumamosi tatu. Kila akija namwambia kwamba yeye ni mzuri, ana akili na anaweza kuwa mtu yeyote anayetaka, lakini huinamisha kichwa tu, na Jumamosi iliyopita alilia. Shuleni wanamwita 'mama nanihii'. Mama yake anauza machungwa na amechoka, na jirani zangu wananiuliza kwa nini namvimbisha kichwa mtoto aliyeharibikiwa. Nifanye nini ili ajithamini na aweze kuyakabili haya, na ninawezaje kuwashirikisha watu wengine bila kumdhalilisha?"

Jibu

Dada yangu, ushauri wangu wa kwanza huenda ukakushangaza: kwa miezi michache ijayo, acha kumwambia binti huyo kwamba yeye ni mzuri au kwamba anaweza kuwa mtu yeyote anayetaka. Sisemi umfiche upendo wako. Nasema kwamba sifa kubwa ikimfikia mtu anayejidharau, hujipima nayo papo hapo, na akishajipima huona jinsi anavyopungua kuliko alivyoona kabla hajasifiwa. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake nchini Kanada walichapisha utafiti ambamo watu waliombwa kujirudia moyoni sentensi ya kwamba wao ni watu wa kupendeka. Waliokuwa wakijithamini tangu awali walinufaika kidogo, lakini waliokuwa wakijidharau walimaliza zoezi wakijisikia vibaya kuliko wenzao wenye hali hiyo hiyo ambao hawakupewa sentensi ya kurudia. Mwaka 2014 Eddie Brummelman na wenzake nchini Uholanzi waliona jambo linalofanana kwa watoto: mtoto anayejidharau akisifiwa kwa kupindukia kwa mchoro wake, kisha akitakiwa kuchagua michoro mingine ya kuiga, hukimbilia ile rahisi, ili asije akaonekana hastahili sifa aliyokwisha kupewa. Watafiti hao hao waligundua pia kwamba watu wazima huwamiminia sifa za namna hiyo hasa watoto wanaowaona hawajithamini. Kwa hiyo ulichokifanya ndicho ambacho karibu kila mtu mwenye huruma angekifanya, na machozi uliyoyaona hayana maana kwamba amekukataa.

Fikiria yeye anasikia nini. Anajua kwamba amekosa masomo kwa muda mrefu, kwamba wenzake alioanza nao wamemtangulia, kwamba mtoto huamka saa kumi alfajiri na kwamba hesabu za kidato cha tatu hazimngoji. Anapoambiwa kwamba anaweza kuwa mtu yeyote, hubaki na moja kati ya mawili: ama huijui hali yake, ama unaijua na unamdanganya kwa kumhurumia. Yote mawili humwacha peke yake na lile analolijua.

Mwaka 1977 Albert Bandura, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, alieleza kwamba imani ya mtu kuwa ataiweza kazi fulani hutoka katika vyanzo vinne: kazi aliyokwisha kuifanya ikafaulu, kumwona mtu wa hali kama yake akifaulu, maneno ya kumtia moyo, na hali ya mwili wake wakati wa tukio lenyewe, kama vile moyo kwenda mbio au mikono kutetemeka. Chanzo cha kwanza kina nguvu kuliko vingine vyote. Wewe umekuwa ukitumia cha tatu peke yake, nacho ni dhaifu kisiposaidiwa na vingine, ilhali umekaa katika chumba ambamo chanzo cha kwanza kinapatikana kila siku.

Muulize kama angependa kujifunza jambo moja la ufundi wako, na akikubali mpe lenye ugumu wa kiasi, kwa mfano kutia zipu ya sketi ya shule, ambayo fundi mchanga yeyote huifumua mara mbili au tatu kabla haijakaa sawa. Usimshonee, wala usimpokonye kazi inapoanza kupinda, hata kama mikono inakuwasha. Kaa karibu, mwonyeshe pini zinapoingia, kisha mwache afumue na kuanza upya. Zipu ikikaa, mweleze ulichokiona bila kukitolea hukumu: "Leo umefumua mara mbili, na ya tatu ukaanza kubana pini kutoka chini, ikanyooka." Katika maneno hayo hamna sifa hata moja, lakini mna ushahidi, na mtu anayejidharau anaweza kuibisha sifa ila hawezi kuibisha sketi aliyoishika mkononi. Baadaye, siku atakayosema kwamba hesabu zimemshinda, utakuwa na pa kurejea: utamuuliza alifanyaje siku ile zipu ilipokataa, na mtatafuta pamoja ni hatua gani ya hesabu hiyo inayopaswa kufumuliwa.

Hapa niweke angalizo moja. Binti anayekuja kwako kulelewa asigeuke kuwa kibarua wako asiyelipwa. Saa mbili za Jumamosi ni zake, na oda za wateja wako hazimhusu. Ikitokea siku moja akashona kitu kikauzwa, mlipe siku hiyo hiyo, mbele ya mama yake ikiwezekana. Nimeona mahali pengi ulezi wa namna hii ukiharibika polepole kwa njia hiyo, bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Sasa nije kwenye jambo ambalo walezi wengi wa kujitolea hawaelezwi wanapoombwa, ingawa ndilo lingepaswa kutangulia. Mwaka 2002 Jean Grossman na Jean Rhodes walichapisha uchambuzi wa vijana 1,138 wa Marekani walioomba kuingia katika mpango wa Big Brothers Big Sisters, ambao humkutanisha kijana na mtu mzima wa kujitolea. Vijana waliokaa na mlezi wao mwaka mmoja au zaidi ndio walionufaika zaidi. Wale ambao uhusiano wao ulivunjika ndani ya miezi mitatu walionyesha kushuka kwa kujithamini, yaani ingekuwa heri kwao kama mlezi huyo asingekuja kabisa. Jambo hilo ni rahisi kulielewa kwa binti ambaye huenda kuna mwanaume aliyekwisha kumwahidi mambo kisha akatoweka. Kila mtu anayeingia katika maisha yake na kuondoka humthibitishia kwamba yeye ni mtu wa kuachwa.

Kwa hiyo, kabla ya Jumamosi ijayo, kaa ujihoji kwa ukweli kama unaweza kubaki naye mpaka amalize kidato cha nne. Ikiwa kila Jumamosi ni nyingi mno kwa kazi na familia yako, sema Jumamosi mbili kwa mwezi, na hizo mbili zisikosekane. Mtajie siku, saa na mahali. Ukipata msiba au safari, mpelekee taarifa kabla hajafunga safari ya kuja kwako. Ukiniuliza katika yote haya ni lipi lenye uzito kuliko mengine, nitakuambia ni hili la kuonekana pale ulipoahidi kuonekana, na ufundi wote wa mazungumzo hauwezi kulifidia.

Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai huko Hawaii, tangu kuzaliwa hadi utu uzima. Karibu theluthi moja ya waliokulia katika mazingira magumu zaidi walikua wakawa watu wanaojiweza, wenye kazi na familia zao, na kilichojirudia katika maisha ya wengi wao ni kuwapo kwa mtu mzima aliyewajali pasipo masharti: bibi, shangazi, mwalimu au jirani. Wasichana waliozaa mapema katika kundi hilo nao walifuatiliwa, na wengi wao walipofika utu uzima walikuwa na hali njema kuliko ile ambayo ungewatabiria walipokuwa na miaka 18. Nakutajia hili ili uwe na jibu lako mwenyewe moyoni pale jirani anaposema kwamba mtoto "ameharibikiwa".

Hata hivyo nia njema haitoshi, na kuna mfano mchungu wa kutukumbusha. Mwaka 1939 ulianza mpango wa Cambridge-Somerville katika jimbo la Massachusetts, ambao baadhi ya wavulana wake 506 walipewa mshauri wa kuwatembelea kwa miaka mitano hivi kwa wastani, huku wenzao wakiachwa bila mshauri ili walinganishwe. Joan McCord alipowatafuta baada ya miaka 30 hivi aligundua kwamba waliosaidiwa walikuwa na hali mbaya zaidi katika mambo kadhaa, yakiwamo ulevi na magonjwa ya akili. Miongoni mwa maelezo aliyoyatoa ni kwamba huenda wavulana hao walizoea kutegemea msaada wa nje, na kwamba walipandishiwa matarajio ambayo maisha yao yasingeweza kuyatimiza. Ndiyo maana nakuomba usiwe mtatuzi wa kila jambo lake. Usimlipie michango kimyakimya, usiende shuleni kumgombania bila yeye kujua, na usimwahidi chuo. Ukiona hitaji la fedha, litafutiwe njia katika kikao cha familia, ambacho nitakieleza hapo chini.

Sasa utazungumza naye nini, ikiwa sifa tumeziweka kando? Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kufanya kazi na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, ambao hawakuwa na shahada yoyote. Walifundishwa kuketi kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, kumsikiliza mtu aliyelemewa na mawazo, na kumwongoza atatue tatizo moja kwa wakati mmoja. Utafiti uliofanyika katika zahanati 24 za Harare kwa watu 573, ukachapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na bibi hao walikuwa na dalili chache sana za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Ufundi wenyewe unaweza kujifunza bila kuwa msomi wa saikolojia, mradi uweze kuzuia ulimi wako.

Utaratibu ni huu. Mwombe ataje yote yanayomlemea, nawe uyaandike katika daftari bila kulipatia jawabu hata moja. Hapo ndipo kazi ilipo ngumu, kwa kuwa sisi watu wazima tukisikia tatizo la mtoto tunakuwa tumekwisha kulijibu kabla hajameza mate. Tuseme ametaja kuchelewa namba ya asubuhi shuleni, maziwa kuvuja akiwa darasani, kuitwa jina lile, mama yake kununa, homa za mtoto na hofu ya mtihani wa taifa. Mwulize angependa muanze na lipi, na ukubali chaguo lake hata kama wewe ungeanza na lingine. Tuseme amechagua kuchelewa. Mlifafanue mpaka lishikike: anachelewa siku zipi, kwa dakika ngapi, nani yuko nyumbani asubuhi hiyo? Huenda mkagundua kwamba hachelewi kila siku kama alivyokuwa akijishutumu, bali ni zile siku mbili ambazo mama yake huwahi kushusha machungwa na mtoto hubaki bila mtu mpaka bibi afike. Ugunduzi huo pekee hupunguza mzigo, kwa maana aliyekuwa akijiita mvivu anaona kwamba tatizo lina siku na saa zake.

Baada ya hapo ataje njia zote anazoweza kuzifikiria, hata zile za kuchekesha, nawe uongeze moja au mbili tu ukiombwa. Achague moja, aipange kwa siku na saa, na aseme ni nini kinaweza kuikwamisha. Jumamosi inayofuata swali lako la kwanza liwe kuhusu mpango huo. Umefaulu? Mwache asimulie alivyofanya. Haukufaulu? Basi mpango ndio uliokuwa na kasoro, na mnaurekebisha kama mnavyorekebisha kiuno cha gauni. Bibi wa Harare hukutana na mtu hadi mara sita kwa mtindo huu, na kwa kawaida baada ya vikao vichache mtu huanza kutatua tatizo la pili bila kuulizwa.

Lakini si kila tatizo lina mpango. Richard Lazarus na Susan Folkman, katika kazi yao ya mwaka 1984 kuhusu namna watu wanavyokabiliana na msongo, walitofautisha juhudi za kuliondoa tatizo na juhudi za kuituliza hisia inayoletwa na tatizo, na busara ya maisha kwa sehemu kubwa ni kujua ipi inahitajika lini. Kuitwa "mama nanihii" hakumalizwi na binti mwenyewe. Kukomesha tabia hiyo ni wajibu wa mwalimu wa malezi na mkuu wa shule, nawe una haki ya kuwaambia hivyo kwa heshima. Kilicho katika uwezo wake ni mwili wake na jibu lake. Mfundishe kupumua polepole, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, kwa dakika mbili tatu, akifanya mazoezi akiwa ametulia ili siku ya dhoruba mwili uwe umekwisha kuizoea. Kisha mtunge sentensi moja fupi ya kujibu, yenye maneno yake mwenyewe, kama vile "Jina langu unalijua, ukiniita kwa hilo nitaitika," na muifanyie majaribio hapo kibandani wewe ukiwa mwenye kukejeli. Mara ya kwanza mtacheka wote wawili, ya tano sauti yake itakuwa imetulia. Hicho ndicho chanzo cha nne cha Bandura nilichokitaja: moyo usipokwenda mbio, mtu hujiamini kwamba anaweza kusimama.

Mwulize pia ni nini humpa nafuu hivi sasa. Wengine huimba kwaya, wengine huswali, wengine hufua nguo wakiwa peke yao. Kila anachokifanya kisichomdhuru kihesabiwe kuwa ni stadi anayo tayari, na usiibeze hata kidogo.

Nifike sasa kwa watu wengine. Usiitishe mkutano mkubwa. Anza na watu wanne: binti mwenyewe, mama yake, bibi au mtu mwingine anayekaa na mtoto, na mwalimu wa malezi, ukiwa wewe ni wa tano. Binti aulizwe kwanza kama anakubali, na ni mambo gani hataki yaguswe. Ajenda iwe ya mambo yanayoshikika: nani anakaa na mtoto siku zipi, siku ya kliniki ikiangukia siku ya shule nani anampeleka, saa ngapi za jioni binti ataachwa asome bila kuitwa, na mchango upi utatoka wapi. Mpe mama yake nafasi ya kusema amechoka, na asikatizwe. Mama anayeuza machungwa tangu alfajiri, ambaye aliaibishwa mtaani kwa sababu ya mimba ya mwanawe, ana machungu yake, na asipopata pa kuyatoa atamrushia binti usiku. Kwa uzoefu wangu, kumpunguzia mama saa mbili za kazi kwa wiki humsaidia binti kuliko vikao vingi vya nasaha. Kama mko katika kikoba kimoja au mnafahamiana na wanawake wawili watatu wenye siri, waombeni zamu ya kukaa na mtoto katika wiki za mitihani. Msaada wa namna hiyo ndio unaoitwa jamii. Maneno ya kumpa pole barabarani hayamfikishi popote.

Kuna kosa moja la kijamii ambalo naomba ulizuie kwa nguvu zako zote. Watu wakiona binti anaendelea vizuri, watataka asimame kanisani, msikitini, kwenye mahafali au mbele ya wageni wa mradi fulani atoe ushuhuda. Kataa, hata kama yeye anaonekana kukubali, maana si rahisi kwa mtoto wa miaka 17 kuwakatalia wakubwa. Ushuhuda humfunga katika tukio lile lile analojitahidi kulivuka, na siku akifeli somo moja, mtaa mzima utakuwa na cha kusema.

Kuhusu jirani, huna haja ya mjadala. Tangu Novemba 2021, Serikali ilipotangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi katika shule za umma, binti huyu yuko darasani kwa haki yake. Jibu kwa ufupi kwamba ni mwanafunzi kama wengine na unamfundisha kazi, kisha uendelee kushona. Kumtetea kwa hotuba ndefu huwapa watu mada ya jioni.

Chanzo cha pili cha Bandura, cha kumwona mtu wa hali kama yako akifaulu, wewe huwezi kukitimiza peke yako, kwa kuwa ni mtu mzima mwenye maisha yaliyokwisha kutulia. Mtafutie dada wa miaka 22 au 25 aliyezaa akiwa mdogo kisha akarudi kwenye masomo au ufundi. Awe mtu wa kawaida, anayeweza kusimulia pia miezi aliyoshindwa. Shirika la CAMFED, lililoanza kazi nchini Tanzania mwaka 2005, hutumia njia inayokaribiana na hiyo: wasichana waliomaliza sekondari hurudi katika shule za kwao kwa kujitolea, wakaongoza vipindi vya stadi za maisha kwa wadogo zao, na wao hupata fursa kama mikopo isiyo na riba. Muulize mwalimu wa malezi kama shule yenu au ya jirani ina vijana hao. Nchini Kenya, utafiti wa mpango wa Shamiri uliochapishwa mwaka 2021 ulihusisha wanafunzi 413 wa sekondari wenye dalili za sonona au wasiwasi. Vijana waliowazidi umri kidogo tu waliwaongoza katika vikundi kwa saa moja kwa wiki, kwa wiki nne, wakizungumza juu ya uwezo wa mtu kukua, shukrani na mambo anayoyathamini, na dalili zao zilipungua kuliko za wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Katika zoezi lile la mwisho mna kitu unachoweza kukiiga: badala ya kumwambia ana thamani gani, mwombe aandike ni mambo gani mawili anayathamini kuliko yote na lini mara ya mwisho aliyatenda. Msome pamoja akitaka, akikataa abaki nayo.

Yapo mambo yaliyo nje ya uwezo wako, na ni lazima uyajue kabla hayajakufikia. Usimwahidi kwamba utatunza siri yoyote atakayokuambia. Mwambie mapema kwamba mengi yatabaki baina yenu, isipokuwa lile linalohatarisha maisha yake au ya mtoto wake, na kwamba hata hilo utalipeleka kwa kumwambia yeye kwanza. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kuzifikisha kwa serikali ya mtaa au halmashauri, na aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi, na uzito huo ndio unaozifanya familia nyingi kulimaliza jambo nyumbani kimyakimya. Usiwe mpelelezi wa habari hiyo. Lakini ukisikia kwamba mwanaume huyo bado anamfuata, anamtisha, au yuko ndani ya familia, wasiliana na afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Simu ya 116, ya kumsaidia mtoto, hupigwa bure.

Angalia pia afya yake. Huzuni inayodumu zaidi ya wiki mbili, kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, kutomjali mtoto au kumwogopa, na maneno kama "bora nisingekuwepo" ni dalili za kumpeleka hospitali, kwa maana sonona ya baada ya kujifungua inaweza kuendelea kwa miezi mingi na inatibika. Ukisikia maneno hayo, muulize waziwazi kama amefikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, na mara nyingi humpa pumzi ya kwanza baada ya muda mrefu. Akikubali kwamba amelifikiria, asiachwe peke yake siku hiyo, dawa na sumu ziondolewe karibu naye, na apelekwe kwa mtaalamu bila kungoja Jumatatu.

Nawe una mipaka yako. Tafuta mtu mmoja, pengine huyo mwalimu wa malezi, ambaye mtazungumza naye mara moja kwa mwezi juu ya wewe unavyojisikia, kwa sababu mlezi aliyechoka huanza kughairi Jumamosi moja baada ya nyingine bila kujua sababu. Kutana na binti mahali panapoonekana, mlango ukiwa wazi, na mama yake ajue saa ya kwenda na ya kurudi.

Mwisho wa ulezi wenu nao upangwe tangu sasa. Atakapobakiza muhula mmoja amalize kidato cha nne, mwambie kwamba utaratibu wa Jumamosi utabadilika baada ya mitihani, na mkubaliane utakuwaje, iwe ni kutembeleana mara moja moja au kuja kujifunza ushonaji kwa malipo. Ikiwa italazimu uhame kabla ya hapo, mweleze mara tu unapojua, kisha mketi pamoja na mwalimu wa malezi na mtu atakayepokea nafasi yako, mkabidhiane daftari lile la mipango akiwepo yeye mwenyewe, naye aseme ni kurasa zipi angependa zisomwe na zipi zing'olewe.